Delmar Cudmore, Mpima Barafu wa Ziwa Big Hollow

Mchungaji Trask, jamaa, majirani, na nyinyi mliokuja kwa kuogopa kusemwa msipokuja. Naitwa Noreen Haskett. Marehemu alikuwa kaka yangu, tulinyonya titi moja. Karatasi mlizoshika zina wasifu mfupi uliochapwa na watu wema, nami siusomi huo. Nasoma huu niliouandika mwenyewe kwa mkono. Ni mrefu kidogo, na sandwichi kule chini hazitakimbia.

Alhamisi Bwana Graydon Lathwell, mwenyekiti wa bodi ya redio, alikuja jikoni kwangu na shada la maua. Akasema, "Bi Noreen, nakuomba ile habari ya barafu tuiache. Maziko ni ya kuponya watu."

Nikamwambia, "Maua weka hapo kwenye sinki."

"Sitaki ubaya, Bi Noreen."

"Mji huu umemzika kaka yangu tangu Machi ya mwaka jana kwa habari hiyohiyo. Jumatatu, kanisani, itasemwa. Funga mlango taratibu, bawaba imelegea."

Basi yupo hapa, safu ya tatu, na nitafika huko. Kwanza tumwache azaliwe.

Delmar Roy Cudmore alizaliwa Ijumaa tarehe 11 Februari 1949, katika shamba la wazazi wetu Roy na Hazel, Barabara ya Sawmill, hapa Corbett's Narrows, Ontario. Daktari alifika kwa sleji ya farasi akakuta kazi imekwisha, akanywa chai akarudi zake. Mama alizoea kusema kwamba mtoto alilia hadi farasi wakasimamisha masikio. Mimi nilifuata mwaka 1952, na tangu hapo sikupata nafasi ya kuongea hadi leo, yeye akiwa amelala hapa.

Alianza shule mwaka 1955, shule yetu ya chumba kimoja, chini ya Bi Edna Purdy. Bi Purdy aliandika kwenye ripoti yake ya darasa la tano: "Delmar anaongea kama mtu anayelipwa." Baba akamtandika kwa sentensi hiyo, kisha akaibandika ukutani maana ilimchekesha. Mwaka 1963 aliingia sekondari ya Minford, lakini Baba alipopoteza vidole vitatu kwenye msumeno mwaka 1965, Delmar alirudi nyumbani kushika kazi. Alikuwa na miaka kumi na sita. Hakulalamika siku hata moja, na wala sikusikia mtu akimshukuru.

Mwaka 1971 aliajiriwa na halmashauri kuendesha greda la theluji, akaliendesha miaka thelathini na mitatu. Mlioamka na kukuta njia nyeupe iko wazi mbele ya nyumba zenu, mkadhani inajisafisha, ni yeye. Ndivyo alivyompata mke. Majira yote ya baridi ya 1973 nyumba ya mzee Fitch, mwisho kabisa wa Barabara ya Cranberry, ilisafishwa njia kabla ya nyumba ya daktari. Daktari akapiga simu halmashauri akifoka. Mzee Fitch akamwita Delmar uani akamwambia, "Kijana, mimi sina mgonjwa humu ndani. Nina binti. Ingia unywe kahawa tuyamalize." Delmar alimwoa binti huyo, Marlene Fitch, tarehe 15 Juni 1974, katika kanisa hili. Wakamzaa Trudy mwaka 1977. Marlene alifariki tarehe 3 Novemba 2015, na Delmar aliendelea kutengeneza vikombe viwili vya kahawa kila asubuhi, kimoja anakimwaga.

Sasa redio.

Redio Hollow ilianza mwaka 1996 katika chumba kilicho juu ya duka la misumari na rangi. Tuliipiga viraka wenyewe, sisi wa mwaka mzima. Mlingoti ulisimamishwa na wapasua mbao. Delmar alishika kipindi cha asubuhi, saa kumi na mbili kamili, na hakulipwa chochote kwa miaka ishirini na saba, licha ya maneno ya Bi Purdy. Alisoma barabara zilizofungwa, basi la shule linakuja au haliji, nani amefariki, nani ana kuni za kuuza, mbwa wa nani amepotea. Siku moja alimtangaza mbwa wa Bi Wilma Stoughton, rangi yake, ukanda wake wa shingoni, sikio lake lililochanika, mara mji mzima tukasikia kitu kinatafuna. Akasema, "Wilma, mama, njoo umchukue. Yuko chini ya meza yangu na amemaliza mkate." Tulicheka wiki nzima.

Na alisoma barafu. Kuanzia Desemba hadi Aprili, saa kumi na moja alfajiri, alitoka na keekee yake ya mkono akatoboa mashimo matano: gatini, kwenye kisiwa, ghuba ya kinu, mbele ya kanisa, na pale Mkondoni ziwa linapobanwa na maji kukimbia chini. Aliandika inchi kwenye kipande cha boksi, akapanda ngazi, akasoma. Mliokuwa mkivuka ziwa kwa pikipiki za theluji kwenda kazini mlivuka kwa neno lake. Asipopima, hakusema kitu. Aliniambia mara mia, "Noreen, wimbo unaweza kuurudia. Barafu hairudiwi."

Kisha wakaja kuitaka redio, watu wa kiangazi, wenye nyumba zao za mapumziko ziwani, wanaofika Julai na kuondoka Septemba. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa redio ulihamishwa kutoka Novemba ukawekwa Jumamosi ya pili ya Agosti, saa nne asubuhi. Nyote mnajua sisi tuko wapi Agosti saa nne asubuhi. Tuko kwenye nyasi zao tunazikata, kwenye vyoo vyao tunasugua, na chini ya magati yao tunapigilia misumari. Wakapigiana kura wao kwa wao, na Bwana Lathwell akawa mwenyekiti. Akasema kipindi cha asubuhi kina harufu ya zizi. Wakanunua kompyuta ya kupiga muziki wa mjini. Kisha mwaka 2022 wakapitisha sheria: mtangazaji akikosa asubuhi tatu kwa msimu mmoja, saa yake inakwenda kwa kompyuta. Delmar alikuwa na miaka sabini na zaidi, moyo wake umeanza kuchoka tangu 2021, na kila mtu mezani pale alilijua hilo. Sheria ile ilishonwa kwa kipimo chake, na aliyekata kitambaa anatazama viatu vyake sasa hivi.

Msimu ule wa 2022 kuingia 2023 alikosa asubuhi mbili, moja Desemba na moja Januari. Mara zote mbili alikuwa kitandani hospitali.

Jumamosi tarehe 11 Machi 2023, saa kumi na mbili na dakika tano, sauti ya Delmar ilitoka redioni ikasema: "Mkondoni, inchi kumi na nne." Zilikuwa tatu. Sauti ile ilikuwa ya tarehe 18 Februari. Sheria inataka redio itunze rekodi ya kila kinachosemwa hewani, na mtu alichukua rekodi hiyo ya wiki tatu nyuma akaipiga kama ya siku ile. Clayton Bowes, miaka sitini na mmoja, alikuwa anakunywa chai jikoni kwake. Alisikia. Akafunga sleji ya kuni nyuma ya pikipiki yake, ampelekee mama mkwe ng'ambo. Barafu ikafunguka pale Mkondoni, na walimpata saa nane mchana.

Askari walipouliza, Delmar alijibu maneno manne: "Kipindi changu, sauti yangu." Jumanne bodi ilimfukuza kwa barua, na kompyuta ikakaa kwenye kiti chake. Hadi leo asubuhi haisomi barafu, haisomi basi la shule, na Wilma wa leo akipoteza mbwa, shauri yake.

Na nyinyi, majirani! Mlimnunia mtu aliyewafukulia milango miaka thelathini na mitatu. Dukani mlihama foleni. Mkahawani, Rusty Dunsmore, usijifiche nyuma ya nguzo, ulimpigia kelele mbele ya watu, "Inchi ngapi leo, Delmar?" Na watu wakacheka. Aliacha kahawa yake mezani akaondoka. Humu kanisani, katika benchi hilohilo, alikaa peke yake Jumapili sabini. Nilizihesabu, kwa sababu nilikuwa nyuma yake.

Alimwandikia Doreen Bowes, mjane wa Clayton, barua ya pole. Ikarudi haijafunguliwa. Simlaumu Doreen. Delmar naye hakumlaumu. Aliiweka kwenye droo ya visu, akawa anaiona kila akitaka kula.

Ugonjwa wake, madaktari wanasema, ni moyo kushindwa kazi. Alilazwa hospitali ya wilaya Minford tarehe 20 Septemba mwaka huu. Trudy alikuja kwa ndege kutoka Calgary akamwahi. Alifariki Jumatano tarehe 2 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na mitano.

Ndipo karatasi mlizoshika zinapoishia. Mimi bado.

Mnaamini Delmar aliamka mvivu siku ile, akaweka rekodi, akarudi kulala. Delmar hakuweka kitu. Siku ile alikuwa kitandani na nimonia, joto limepanda hata hakuweza kuvaa kiatu. Saa kumi na moja alinipigia simu. Mimi nilikuwa na ufunguo wa studio, kwani ndiye niliyekuwa nikipanga matangazo ya vifo. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Akasema, "Noreen, siwezi kushuka ziwani. Nenda uwaambie leo hakuna barafu. Sijapima, mtu asivuke."

Nikasema, "Delmar, hii ni ya tatu. Watakunyang'anya."

"Waache wachukue. Waambie sijapima."

"Sawa kaka, lala."

Nikaenda. Nikapanda ngazi zile nikiwa na hasira, namwona Lathwell na kompyuta yake mbele ya macho yangu. Nikasema moyoni, hawapati, haki ya Mungu hawapati, si mikononi mwangu. Nikatafuta rekodi ya Jumamosi nyingine. Nikakata tarehe, nikakata waliofariki, nikakata siku za kuzaliwa. Nilipofika kwenye barafu, nilisimama. Nje kwangu kipimo cha joto kilikuwa kimesoma kumi na mbili chini ya sifuri, nikajiambia bado ni nene. Na nilijua kwamba Delmar asiposoma barafu, mji mzima utajua hayupo. Nikaiacha humo. Sikusahau, niliiacha makusudi. Nikabonyeza, nikamwaga kahawa kikombeni, nikakaa kwenye kiti chake nikijiona mjanja.

Clayton alikufa kwa mkono wangu.

Nilimwambia Delmar jioni ileile, pembeni ya kitanda chake. Nilisema kesho nakwenda kwa askari. Alinishika kifundo cha mkono, na alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Akasema, "Nyamaza wewe. Mume wako mgonjwa, una wajukuu wanaoshuka basi la shule hapa. Wataitwaje? Mimi ninakwenda hata hivyo. Sauti yangu wameshaisikia, basi iwe yangu."

"Delmar, watakuchukia."

"Watanichukia kidogo tu. Muda wenyewe sina mwingi."

Alikosea. Miezi kumi na minane ni mingi. Nami nilimwachia. Nilikaa nyuma yake Jumapili zile sabini nikitazama kisogo chake, mdomo wangu umefungwa. Nimewatukana nyote leo, na sifuti neno. Bwana Lathwell, sheria yako ilikuwa ya kishenzi na iko pale ukutani bado. Lakini nyinyi mlimkosea bila kujua. Mimi nilijua. Nilimpelekea supu kila Jumatano, nikarudi nyumbani, nikalala usingizi. Kati ya watu wote waliomo humu, hakuna aliyemtendea Delmar vibaya kuliko mimi, na mimi ndiye dada aliyempenda. Askari wa kituo cha Minford nimemwona jana asubuhi. Ameandika kurasa nne, na nimetia sahihi.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake na mkewe Marlene. Ameacha binti yake Trudy na mkwe wake Dwayne Pell wa Calgary, wajukuu wawili, Kelsey na Brody, na mimi. Trudy, mwanangu, hukuyajua haya mpaka sasa hivi. Baba yako alikataa usiambiwe, na mimi nilifurahi alipokataa. Usinishike mkono tukitoka, kama hutaki.

Doreen, nakuona pale karibu na mlango. Umekuja, ingawa hapakuwa na kilichokulazimisha. Hasira yako ni ya haki, ila ilikosea nyumba. Nyumba yake ni yangu, ile ya buluu baada ya daraja, na mlango haufungwi. Njoo saa yoyote unayotaka, useme yote. Delmar mwache alale kwa amani.