Mungu Alinirudisha Kwenye Ntumba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nashuhudia nikiwa na hasira, na Mchungaji anivumilie.

Mnanifahamu, mama Neema wa hapa Kibaoni. Nilipoolewa, mama mkwe wangu alinifundisha kulima ntumba, yale matuta ya mviringo ya Kifipa. Mvua zikielekea kuisha unakata nyasi mbichi, unazifukia, unapanda maharage juu. Msimu ukirudi nyasi zimeoza, unasambaza tuta, unapanda mahindi. Tulikula tukasaza.

Kisha akaja kijana wa kampuni na gari la matangazo. Eti ntumba ni ushamba! Eti choma nyasi, puliza dawa ya magugu, weka mbolea ya dukani, jembe lipumzike! Tukaitikia. Mwaka wa kwanza mahindi yalisimama, sikatai. Lakini ile dawa iliua mlenda na maboga yote, na maharage hatukupanda tena. Mahindi yakabebwa na lori, sisi tukaenda dukani kununua sembe iliyokobolewa mpaka ikabaki weupe tu. Mkulima ananunua unga! Ndugu zangu, nyie haiwaumi? Mimi inaniuma hadi leo.

Udongo ukawa mgumu kama sakafu ya kanisa hili. Msimu mmoja mbolea ikachelewa, mahindi yakageuka njano kabla hayajafika magotini. Nyumbani ukabaki uji mtupu. Baba Neema akafunga mzigo aende kufyeka msitu kule Sitalike, upande wa hifadhi. Nikajua huko atakamatwa, au tembo watamuua. Nikaenda nyuma ya jiko nikamlilia Mungu: "Baba, usinifanye mjane kwa sababu ya shamba!"

Nikafumbua macho. Mbele yangu palikuwa na kipande cha shamba cha mama mkwe, chenye ntumba zake, alichokataa katakata kipulizwe dawa. Mvua ni ileile, lakini mahindi yake kijani, udongo mweusi, minyoo tele! Nikapiga kelele, mume wangu akaja mbio. Mama mkwe akatutazama, akasema, "Nyie mmechoma chakula cha ardhi, halafu mnashangaa haiwalishi?"

Mume wangu akashusha mzigo, akashika jembe, tukarudia ntumba. Haleluya!

Shamba halikupona siku moja, tulivumilia. Lakini maharage na maboga mnayoyaona hapo mbele ni yetu, na aliyeyabeba ni baba Neema, mzima, hana hata mkwaruzo.

Sasa hasira yangu. Yule kijana wa kampuni amekaa benchi la mbele. Ametoa turubai kwa kanisa, na nikimaliza mimi anapewa kipaza sauti atangaze dawa. Humu ndani! Mchungaji, turubai lirudi. Mungu alitufinyanga kwa udongo, hakutufinyanga kwa dawa!

Ndugu zangu, mtumainini Yeye aliyeweka uhai ardhini. Kesho njooni kwangu na majembe. Nyasi msichome, zileteni. Na wewe mwanangu wa kampuni, njoo pia, maharage yatakuwa jikoni. Dawa yako uiache hukohuko.