Msimwage Zege kwa Ajili Yangu

Sogeeni, wanangu, mkae hapa kitandani, nisije nikamaliza pumzi kwa kupaza sauti. Wewe kifunguamimba, zima hiyo simu. Najua unaongea na mwenye mashine ya zege, na habari ya zege ndiyo niliyowaitia.

Mama yenu kaniambia mnataka kumwaga zege keshokutwa kwenye msingi wa nyumba ya huyu kitindamimba, ili nibebwe kwenye kiti nikaione ikianza kabla sijafumba macho. Nimelia, sitawaficha. Lakini tangu aliponiambia roho yangu iko juu juu, usingizi sipati, na si kifo ninachokiogopa, naogopa huo msingi.

Mnaujua udongo wetu mweusi. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka mpaka mkono unaingia. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakujenga huku kwetu. Huku ufa unauziba na ukuta unaujenga vilevile. Ndiyo maana nilianza kuokota vya kutupwa, majivu ya kiwanda cha sukari waliyokuwa wakiyamwaga bondeni, na ile chokaa inayobaki kiwanda cha gesi ya kuchomelea, nikavichanganya na udongo mpaka ukatulia. Watu wakaniita Mzee Majivu. Baba yenu mdogo akacheka mbele ya wakwe zangu, akasema kaka anajengea taka za jikoni. Sebule yake ilipopasuka akanuna kana kwamba niliipasua mimi, na mpaka leo hanijulii hali. Mwiteni. Mwambieni sina kinyongo, na ile mashine yangu ya kushindilia ni yake, aje aichukue kwa mkono wake mwenyewe, maana damu nzito kuliko maji.

Nyumba hii ni ya mama yenu, asihamishwe hata chumba. Vifaa vyangu vingine ni vyako, kifunguamimba, kwa kuwa mkono wa kazi unao. Ulichokosa ni subira, na hiyo siwezi kukurithisha. Sitakuambia haraka haraka haina baraka. Nimekuambia tangu hujaota meno na hukusikia. Nitakuambia kazi tu. Udongo ukishachanganywa unamwagiwa maji, unafunikwa turubai, unaachwa ulale. Ukishashindiliwa unafunikwa tena, unanyunyiziwa, unaachwa ushikane, na hauangalii nani anaumwa. Wewe umeshindilia juzi, keshokutwa unataka kuutwisha nyumba. Kwa nini, baba? Kwa sababu mimi nakufa? Hilo ni shauri langu na Mungu, udongo haumo.

Utaniambia umekauka. Juu ndiyo umekauka. Kitindamimba, vuta lile beseni ulilolificha chini ya kitanda. Nilimwagiza mimi, kifunguamimba, usimkazie macho dada yako. Asubuhi kaenda kwenye shimo la msingi, kakata bonge la huo udongo ulioushindilia, kalitumbukiza majini, kama mlivyoniona nikifanya kwa kila msingi. Bonge lililoshikana hukaa majini likiwa zima. Macho yangu hayaoni vizuri tena, nitieni mkono humo.

Limekuwa uji.

Usiinamishe kichwa, mwanangu. Hukukosea kuchanganya, umewahi tu. Ufunike, uendelee kuunyunyizia, halafu mkate bonge jingine, na jingine, mpaka lipatikane litakalokataa kuyeyuka. Hofu yangu ni kwamba mkishanifukia mtasema mzee hayupo, nani atajua. Watajua wajukuu zangu watakaolala humo, siku mlango utakapokataa kufunguka na ukuta unalia juu ya vichwa vyao.

Kitindamimba, wewe ni mpole mno, nawe ndiye utakayeishi humo. Neno la mwisho ni lako. Kaka yako akifoka, kataa. Na mimi mwenyewe, homa ikipanda nikaanza kuomba nipelekwe nikaone zege likimwagwa, kataa pia, maana natamani, wanangu, natamani sana, na naweza kusema lolote. Nitakalolisema baada ya sasa msilifuate.

Mimi mnichimbie kwenye udongo hivyo hivyo ulivyo. Msinichanganyie majivu, sina ghorofa ya kubeba. Cheka basi, mama watoto, umenuna tangu asubuhi.

Nipeni maji kidogo. Si ya kwenye beseni.

Haya. Shikaneni mikono... hivyo. Mungu awashikanishe, wanangu, polepole, msiyeyuke mkimwagiwa ya dunia. Radhi yangu mnayo wote, mkubwa na mdogo.

Hilo beseni... mwageni hayo, tieni maji mengine. Liwekeni hapa, karibu na mkono wangu. Mkileta bonge jingine, nikiwepo nitalishika mwenyewe.

Nisipokuwepo, kifunguamimba... tia mkono wewe.