Bi. Akidor Lokwang, Aliyelifunga Ghala la Kakuma

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, siku ya mwisho ya kongamano letu la kila mwaka la wauzaji wa nafaka na vyakula vya mifugo hapa Lodwar, Bi. Akidor Lokwang anastaafu. Amelitumikia Ghala la Kawalase, hapa Lodwar na kwenye tawi lake la Kakuma, kwa miaka thelathini na miwili na miezi tisa. Waandaaji waliniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha, wa kusomwa kabla ya chakula cha mchana. Nimejaribu. Ya kuchangamsha nimeyaweka mwanzoni.

Alianza Februari 1993 kama mfagiaji. Punje zilizomwagika sakafuni hakuzitupa. Alizitenga, zilizovunda huku, zenye dumuzi kule, nzuri peke yake. Mzee Cornelius, mkaguzi wa wakati huo, alimkuta siku moja amezipanga juu ya gunia tupu, akamuuliza nani amemfundisha. "Njaa," Akidor akajibu. Mwaka uliofuata Mzee Cornelius alimkabidhi bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutobolea gunia na kuvuta punje za ndani, na kazi ya ufagio ikaishia hapo.

Mwaka 1998 alihamishiwa ghala letu la Kakuma kuwa mkaguzi wa mahindi, mtama na pumba za mifugo. Huko alijifunza kusalimia kwa lugha sita na kubishana kwa tatu. Annick, mama Mkongo mwenye duka la unga katika kambi ya wakimbizi, hakununua gunia lisilo na alama ya chaki ya Akidor. "Mama Akidor, ile ya leo iko bien?" alikuwa akiuliza toka barabarani, akimaanisha iko sawa, na kama hakujibiwa aligeuza mkokoteni wake akarudi alikotoka.

Kwenye kongamano la 2014 mkurugenzi mmoja mgeni alilalamika kwamba mizani yetu inadanganya. Akidor alimwomba apande mwenyewe juu ya mizani hiyo. Kilo zilisomwa kwa sauti mbele ya wajumbe wote. Mkurugenzi alishuka, na mchana ule alikula kachumbari tu.

Mimi nilifika Kakuma mwaka 2016 kutoka Nyahururu, karani mpya wa ghala. Alinipokea kwa "Ejok!", salamu ya Kiturkana, nikadhani ananiita jina la mtu mwingine, nikamwambia, "Hapana, mimi ni Wangari." Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nije kwenye mwaka 2022, ambao baadhi ya wenzangu walipendekeza niuruke.

Mvua ilikuwa imekosa msimu baada ya msimu. Pumba tulizoleta kwa ajili ya mifugo zilibaki ghalani kwa sababu mifugo ya kulishwa ilikuwa imekwisha. Mwanzoni mwa Julai yakafika Kakuma magunia 840 ya mahindi. Watu walifuata malori kwa miguu kutoka barabara kuu, wakaketi nje ya lango kungoja.

Akidor alitoboa magunia arobaini na kupima. Mahindi yalikuwa na sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, zaidi ya mara kumi ya kiwango kinachoruhusiwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Alijaza fomu ya kukataa mzigo. Fomu ile ilihitaji sahihi mbili, ya mkaguzi na ya karani. Karani nilikuwa mimi.

Nilimwambia nina safari ya Lodwar. Sikuwa na safari yoyote. Nilikuwa nimeliangalia lile kundi la watu langoni, nikamwangalia meneja wetu, Bw. Cheruiyot, nikaogopa pande zote mbili. Kisha nikapanda gari nikaenda Lodwar kweli, ili isiwe uongo.

Niliporudi baada ya siku mbili, fomu ilikuwa bado na sahihi moja, na hata hapo sikuitia yangu. Akidor alikuwa amefunga ghala kwa kufuli, ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, ufunguo shingoni.

"Mama Akidor, watu wanakufa huko nje," Bw. Cheruiyot alimwambia mbele ya wapakuaji.

"Najua, meneja. Nawafahamu kwa majina."

"Basi fungua. Karatasi yako haijakamilika. Na mahindi mabaya ni afadhali kuliko kulala bila kitu."

"Wakila haya wiki chache ini linaharibika. Agiza mengine leo."

Bw. Cheruiyot hakuwa mtu mbaya. Aliagiza siku ileile, akaahidiwa siku kumi. Malori yalichukua siku thelathini na nne, kwa sababu barabara ya Kainuk ilifungwa mara mbili kutokana na ukosefu wa usalama. Siku zote hizo Akidor alikaa pale mlangoni. Wanawake aliozoeana nao walitema mate chini mbele yake. Mmoja alimwita mlinzi wa chakula cha panya.

Katika siku ya kumi na saba alikuja mdogo wake, Nakiru, aliyeolewa Kalobeyei. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nilikuwa pale. Nakiru hakupiga kelele, alisimama mbele ya dada yake, akasema, "Nipe hata kikombe kimoja."

"Ni sumu, Nakiru."

"Wewe unasema. Mimi naona mahindi."

Akidor alinituma nyumbani kwake nikalete unga wake wote. Haukujaza hata kopo. Alimpa mdogo wake, akamwambia, "Malori yako njiani. Vumilia kidogo."

Nakiru alifariki siku tisa baadaye. Zahanati iliandika malaria. Kila aliyekuwa Kalobeyei mwezi ule anajua malaria ilimkuta akiwa katika hali gani.

Akidor alienda kumzika. Aliondoka Jumapili asubuhi, na ufunguo aliuacha kwa meneja. Saa sita mchana, wengi wetu tukiwa bado kanisani, ukuta wa nyuma wa ghala ulibomolewa na magunia kumi na mawili yakatoweka. Yale mahindi yalipaswa kuteketezwa siku yalipokataliwa. Yalikuwa yangali pale kwa sababu fomu ilikuwa na sahihi moja, na bila ya pili hakuna aliyekuwa na amri ya kuyachoma.

Malori ya mahindi mazuri yalifika mwishowe, watu wakala, na tukaanza kupumua. Ndipo habari ikaja kutoka upande wa Nadapal, kwamba katika boma moja watu wanavimba matumbo na macho yao yamekuwa ya manjano. Akidor alienda na afisa wa afya. Walikuta magunia yetu mawili, moja limebaki nusu. Katika boma lile walikufa watu sita. Bibi mmoja aliyepona aliuona ule mwandiko wa chaki kwenye gunia, msalaba wa kukataa, akamuuliza Akidor maana yake. Alipoelezwa akasema, "Kama mlijua, mbona hamkuyachoma?"

Akidor hakumtaja karani aliyekwepa kutia sahihi. Hakumtaja pale, wala kwenye ripoti.

Novemba ile, kwenye kongamano, ghala letu lilikuwa na mstari mmoja tu katika ratiba: upotevu wa magunia 840. Akidor alisimama na karatasi mkononi. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba chakula kiko tayari, akampa dakika mbili. Alisoma majina. Kwanza wale sita wa Nadapal. Halafu kumi na tisa waliofariki Kakuma na Kalobeyei katika siku zile thelathini na nne, na la kumi na tisa lilikuwa Nakiru Lokwang. Alimaliza akasema, "Nilikataa mahindi mabaya, lakini sikuwa na mengine ya kuwapa. Kazi hiyo tumeshindwa sisi sote humu ndani." Akaketi. Chakula kilipoa kabla mtu yeyote hajainuka kitini.

Mwaka uliofuata kongamano liliamua kila ghala la wanachama liweke akiba isiyouzwa, na mzigo uliokataliwa uteketezwe ndani ya siku tatu kwa sahihi ya mkaguzi peke yake. Ghala la Kakuma sasa lina magunia mia tatu ya akiba. Tangu hapo Akidor amekataa mizigo miwili, na mara zote mbili watu wamekula wiki hiyohiyo. Nayaita haya mafanikio yake makubwa kuliko yote, ingawa yeye ukimwambia hivyo anabadilisha mazungumzo.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukikabidhiana vitabu vya ukaguzi, nilimwambia nilichopaswa kumwambia miaka mitatu iliyopita. Kwamba sikuwa na safari. Kwamba laiti ningetia sahihi, yale mahindi yangechomwa na wale sita wa Nadapal wangekuwa hai. Nilimwomba msamaha, na nikamwomba ruhusa ya kuyaandika haya hapa.

"Andika," akasema. "Nilijua huna safari. Ulikuwa na watoto wadogo, uliogopa kupoteza kazi. Nimekusamehe zamani, Wangari." Akafunga kitabu. "Nakiru ndiye nashindwa naye. Nilimwambia avumilie, na mdogo wangu hakuwahi kunikatalia kitu. Kwa hiyo alirudi nyumbani akavumilia."

Bi. Akidor anarudi Namoruputh alikozaliwa, pamoja na watoto watatu wa marehemu Nakiru aliowalea tangu mwaka ule. Ametuomba tusimnunulie zawadi.

Mama Akidor, asante kwa kila gunia ulilolitoboa na kwa kila ulilolikataa. Sisi tunaobaki tunajua ulilipa nini. Mungu akupe huko uendako mvua za wakati wake, mbuzi wenye maziwa, na usingizi.

Wangari, Karani Mkuu, Ghala la Kakuma