Matundu ya Shelfu na Kiti cha Getini

Ndugu zangu, kabla sijafika kwenye kabati, ngoja niwapitishe kwanza kwa marehemu bibi yangu. Msikunje nyuso, nitafika tu.

Bibi alikuwa na kitanda cha kamba, kule Temeke. Mvua zikinyesha maji yanaingia ndani, basi akakiinua juu ya makopo ya maziwa aliyoyajaza mchanga, kila mguu na kopo lake. Lakini sakafu ilikuwa ya udongo, upande mmoja umebonyea. Wajukuu tukilala tunateremka wote upande wa bibi, mmoja juu ya mwenziwe kama magunia. "Nyie watoto, mmekuja kulala au kunizika?" Siku moja akatia maji kwenye sahani ya bati, akaiweka juu ya kitanda. Akawa anaongeza mchanga kwenye kopo hili, anapunguza kwenye lile, macho kwenye sahani tu. Maji yalipokaa sawa akasema basi. Nikakua, nikayasahau hayo, nikawa seremala.

Wengi humu mnanijua kwa makabati. Yale matundu madogo yanayopanda kwa mstari ubavuni, kwa ndani, ili mwenye nyumba aipandishe shelfu au aishushe anavyotaka, mie nilikuwa nayatobolea kwa mkono. Nilikuwa na kibao changu chenye matundu. Nakisimamisha ndani ya kabati, natobolea humo humo, nahamia ubavu wa pili. Shelfu inakaa juu ya pini nne, haichezi. Nilikuwaga najisifu nacho kile kibao, mpaka mke wangu ananiambia nikakioe.

Halafu mkono ukaanza kutetemeka. Nilikuwa nauficha mfukoni, nasingizia baridi. Baridi gani Kibamba hii? Tukatengeneza kabati la vyombo la mama mmoja mwalimu, wa Kinyerezi. Matundu yalikuwa yamepishana, shelfu imeinama; akapanga glasi zake, zikamshukia moja moja. Akaja karakana amebeba vipande kwenye mfuko. Hakutukana. Akaniuliza tu, "Baba, ulikuwa unaumwa?" Heri angenitukana.

Bosi wa karakana akaniita pembeni. "Mzee wangu, pumzisha mikono. Kaa pale getini, utusaidie kufungua." Akanipa kiti cha plastiki. Nawaambia ukweli, kiti kile kilikuwa laini kuliko viti vyote nilivyowahi kukalia, na ndicho kilichoniumiza. Gari likipiga honi nafungua, likipita nafunga. Hata jina la fundi likapotea. Jamaa wa mashine ya kukatia mbao, kijana wa maneno mengi, kila asubuhi: "Mzee wa geti, shikamoo! Leo umewafungia wangapi nje?" Naitikia marahaba, nacheka. Nyumbani sicheki.

Wakati huo karakana imeshaleta mashine inayokata na kutoboa yenyewe, inafuata mchoro wa kwenye kompyuta. Mchoraji ni binti mmoja mpole, mjamzito. Likizo yake ya uzazi imekaribia, na hakuna aliyetaka kukaa pale. Nikamfuata. "Mwanangu, nifundishe mie."

"Babu, programu yenyewe ya Kiingereza."

"Mie hata Kiswahili nasoma kwa kunong'ona. Nionyeshe pa kubonyeza."

Hakucheka, Mungu ambariki. Akanifundisha kwa picha. Unachagua ubavu wa kabati. Unaiambia tundu la kwanza lianzie wapi, liwe mbali kiasi gani na ukingo wa mbele, toka tundu hadi tundu ni milimita thelathini na mbili, na yaishie wapi. Mausi nilikuwa naishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Cha ajabu, pale juu ya meza kutetemeka hakukuharibu kitu. Nikiandika namba, namba inakaa.

Bosi akasema, "Haya, fundi wa kompyuta, mtengenezee mwalimu kabati jipya." Na akasema mbele ya watu: likipinda hili, narudi getini, na habari ya kompyuta nisiitaje tena.

Nikachora. Kwenye kioo cha kompyuta, sawasawa kabisa. Mashine ikakata, tukaunga, tukaweka shelfu. Ikalala upande! Jamaa wa mashine akapiga makofi. "Babu, hili kabati au bembea la watoto?"

Ndugu zangu, nilisimama pale masikio yamewaka. Nikaitazama ile shelfu ilivyoinama, nikamwona bibi. Bibi hakupimia kwenye makopo kule chini. Alipimia juu, pale tunapolala. Na mie kwa mkono sikuwahi kupima kutoka mwisho wa ubao. Kibao changu kilikuwa kinasimama kwenye sakafu ya kabati, ndani. Kwenye kompyuta nikaiacha ihesabu kutoka ncha ya chini ya kila ubavu, na ubavu mmoja ulishuka mpaka chini kuficha miguu, mwingine uliishia juu yake. Ncha mbili, mianzo miwili.

Nikamwambia binti, "Nionyeshe namna ya kuanzia kwenye sakafu ya kabati, pande zote mbili." Akanionyesha. Nikafuta, nikaandika upya kwa mkono wangu huu huu. Bosi akaguna, lakini akatoa mbao.

Mwalimu alikuja mwenyewe. Niliomba glasi ya maji, nikaiweka juu ya shelfu. Nikaihamishia shelfu juu, nikaishusha chini, tundu kwa tundu. Maji yametulia. Jamaa wa mashine akainama kuyachungulia. Mwalimu akauliza, "Nani kaipanga hii?" Bosi akasema, "Fundi wetu."

Namshukuru yule binti, ambaye sasa ni mama. Namshukuru mwalimu aliyerudi mahali alipovunjiwa glasi. Mke wangu pia, aliyekuwa anauona mkono mfukoni na ananyamaza. Na wewe uliyekaa nyuma hapo, unayedhani umeisha: mkono ukikataa, ulichojifunza hakijatoka mwilini. Kitafutie mlango mwingine, na uombe kufundishwa hata na mtoto wa kumzaa.

Basi siku ile, mwalimu bado anafungua na kufunga milango ya kabati lake, honi ikalia nje. Mtu akaita, "Mzee wa geti!" Nikaenda, nikafungua, gari likapita. Nikachukua kofia yangu kwenye kile kiti, nikaikung'uta vumbi, nikarudi ndani kwenye kompyuta. Sijakikalia tena.