Historia ya Mama Taratibu, Mlezi wa Kaa wa Chumba cha Nne

Ndugu zetu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na dada yetu, mimi ni mdogo wake anayemfuata, familia imenipa jukumu la kuwasomea safari yake kabla hatujamsindikiza, na naomba mnivumilie pale sauti itakapokwama, kwa sababu karatasi hii tumeiandika watu watatu na kila mmoja alifuta alichoandika mwenzake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba aliyekuwa fundi saa na mama aliyekuwa mshonaji, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya duka la baba, ambamo saa za watu ziligonga kila moja kwa wakati wake, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alichelewa kuzaliwa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema, na aliposema, neno lake la kwanza la maana lilikuwa "bado".

Alianza shule ya msingi mwaka 1972 na sekondari mwaka 1979, na huko, wenzake wanakumbuka, mwalimu wa baiolojia alileta kaa ndani ya beseni ili wampasue, dada yetu akanyoosha mkono na kuuliza kama wangeweza kumtazama kwanza, darasa likacheka, lakini mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa haraka naye, akaliacha beseni juu ya meza mpaka kengele ilipolia. Mwaka 1985 aliingia chuo kikuu kusomea elimu ya wanyama, akahitimu mwaka 1988, baba akafunga duka siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa harusi.

Tarehe 1 Februari 1989 aliajiriwa katika kituo cha kuzalishia kaa, na hapo ndipo alipofanya kazi miaka yake yote, na kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tukimwuliza kila sikukuu anafanya nini hasa huko na kusahau jibu kabla ya chai kupoa, familia imeona ni haki leo lisemwe vizuri. Macho ya kaa yamekaa juu ya vikonyo viwili vifupi, na ndani ya kila kikonyo mna tezi ndogo inayomwaga homoni katika damu yake, homoni hiyo huizuia ovari, huiambia ingoje, mpaka maji, chakula na majira vikubaliane kwamba wakati umefika, ndipo kizuizi kinapolegea, homoni nyingine zinazohimiza mayai zinapata nafasi, na jike anayahifadhi mayai yake chini ya tumbo mpaka yaanguliwe. Watu wa vituo waligundua zamani kwamba ukifunga uzi kwenye kikonyo kimoja ukakaza, jicho likakatika, kizuizi kinapungua, na jike ambaye angengoja miezi atapevuka kwa majuma machache, kwa hiyo ndivyo ilivyofanywa, kwa kuwa wafugaji walikuwa mlangoni wakitaka vifaranga vya kaa, na dada yetu naye alifunga nyuzi hizo kwa mkono wake miaka mingi, hakuwahi kulificha hilo wala kumlaumu aliyemfundisha.

Ila aliona kwamba majike wale wa jicho moja walichoka upesi, mayai yao ya awamu ya pili na ya tatu yalikuwa hafifu, wengi wakafa, na akaanza kujiuliza kama lile jicho, badala ya kukatwa, lingeweza kushawishiwa, kwa mchanga wa kujifukia, maji ya joto lisilobadilika, mwanga hafifu, chaza na ngisi kwa chakula, na kimya. Wenzake wakamwita Mama Taratibu kwa sababu ndilo neno alilowaambia kila walipofungua mlango wa chumba cha nne, nao walimtania kwamba ni mkunga asiye na mwana, naye aliwajibu kwamba amewaleta duniani watoto wengi kuliko mtaa mzima na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba ada ya shule.

Tarehe 17 Desemba 1993 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, ambaye yuko nasi hapa leo, amekaa upande wa familia kwa ombi letu, wakaishi pamoja miaka kumi na kidogo. Mungu hakuwajalia mtoto, walikwenda kwa madaktari, dada yetu akachomwa sindano za homoni na kumeza vidonge kwa miaka, mpaka siku moja alimshukuru daktari, akamwambia inatosha, akarudi nyumbani kwa miguu, na hakuna aliyejua alichokuwa akiwaza njiani kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Waliachana mwaka 2004 bila kugombania hata kijiko, shemeji yetu akaoa tena, na binti yake mkubwa alikuwa akija likizo kumsalimu dada yetu akimwita mama mkubwa, kwa hilo tunamshukuru yeye na mama yake mzazi.

Baada ya hapo aliishi peke yake katika nyumba ya chumba na sebule karibu na kituo, alikuwa na viti viwili, kimoja akikalia na kingine akianikia shati la kazi, redio aliiacha ikisema kwa sauti ya chini hata alipokuwa hasikilizi, na tulipomtembelea ilimbidi kwanza aoshe kikombe cha pili, kwa kuwa kilikuwa na vumbi. Sisi ndugu tulikuwa tunakwenda mara mbili kwa mwaka, tukisema yuko sawa, ana kazi yake, naye alitusindikiza mpaka kituo cha basi na kusimama pale hata basi lilipokwisha kukata kona.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2023 mkuu wa kituo alimkubalia majike watatu ndani ya chumba cha nne, wasikatwe jicho, mpaka mwisho wa Novemba, na kama hata mmoja asingetaga, chumba kingerudi kwenye uzi kama vingine, na tunasema wazi kwamba mkuu hakuwa mkatili, alikuwa na wafugaji wa kuwajibu. Yule mkubwa kuliko wote dada yetu alimpa jina la Wifi, kwa maelezo kwamba anakula chako, hakusalimii, na ukipita anakugeuzia mgongo, na mke wangu, ambaye yuko hapa, alicheka kuliko sote.

Mwezi Machi alianza kuumwa tumbo, vipimo vikaonyesha saratani ya ini, akaendelea kwenda kazini hadi tarehe 12 Septemba alipolazwa, na kila alasiri baada ya zamu fundi wa pampu wa kituo, aliyefanya naye kazi chumba kimoja kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuja kumwona, akimweleza joto la maji, nani amekula, nani amejifukia, na dada yetu alisikiliza akiwa amefumba macho kama mtu anayesomewa barua za watoto walio mbali.

Linalofuata ni fundi mwenyewe aliyetuomba tulisome, na tulipoketi kulijadili shangazi yetu alisema lisomwe, kwa kuwa kosa lililotokana na mapenzi likifichwa hugeuka fununu. Mwisho wa Septemba, alipoona mgonjwa anazidi kwisha na mchanga wa chumba cha nne bado uko kimya, fundi alimtoa Wifi majini, akafunga uzi kwenye kikonyo cha jicho lake la kushoto, akakaza, akamrudisha, na hakumwambia mtu. Tarehe 3 Novemba alikuja wodini mapema kuliko kawaida, akiwa na picha kwenye simu, Wifi amepigwa picha kutoka chini, tumbo limefura mayai ya rangi ya chungwa, na mimi nilikuwepo, nikaona dada yangu anaishika simu ile kwa mikono miwili, anaitazama, anaikuza kwa kidole, kisha anaomba picha ya uso.

Fundi alisema hakupiga ya uso. Dada yetu alimrudishia simu taratibu, akamwambia, "Umenionea huruma mimi, yeye hukumwonea."

Fundi alilia, dada yetu akamvutia kiti akae, akamwagiza maji yasipoe hata kidogo mpaka mayai yageuke meusi na kuanguliwa, kwa sababu watoto hawana hatia, na aliposhika njia kuondoka alimwita akamwuliza kama amekula. Nilipobaki naye nilimwuliza kama amekasirika, akasema hapana, kisha akakitazama kile kiti kitupu, akasema, "Hata yeye alidhani nilikuwa nataka mayai."

Nimelirudia neno hilo siku zote hizi, na sitadai kwamba ninalielewa lote, ila najua kwamba sisi sote tuliompenda tulipita na uzi mkononi kwa namna fulani, tukimharakisha aolewe, azae, apone, atuambie yuko salama ili tuwahi basi, na yeye alitungoja tu.

Alifariki dunia tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mimi nikiwa nimetoka kumnunulia maji, kwa hiyo alikuwa peke yake.

Ameacha wadogo wawili, shangazi mmoja, wapwa watano, na binti anayemwita mama mkubwa. Mayai ya Wifi sasa ni meusi na huenda yakaanguliwa kesho, na majike wawili wengine bado wamejifukia mchangani na macho yao yote, hawajataga, wala hatujui kama watataga, lakini mkuu wa kituo alikuja msibani jana, akatuambia kwamba chumba cha nne hakitaingizwa uzi, na kwamba Novemba si mwisho tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliomletea uji na kumfulia mashuka, wafanyakazi wote wa kituo, na zaidi fundi wa pampu, ambaye familia inamwomba aje mbele awe miongoni mwa watakaolibeba jeneza.

Pumzika kwa amani, dada yetu, hakuna tena anayekuharakisha.