Kura Tatu za Mheshimiwa Rosli

Asubuhi baada ya uchaguzi, benchi la kibanda cha kahawa cha Mak Senah pale Parit Belida lilikuwa na wenyewe watatu: Samad Redio, asiyezimika, Ah Tong Mahesabu, ambaye hesabu zake hazijawahi kukubaliana, na Muthu Jaji, aliyewahi kufagia mahakama. Mak Senah aliwamiminia kahawa, kidole chake cha kushoto kikiwa cheusi kwa wino wa kura, ule usiotoka wiki nzima. Mheshimiwa Rosli, mjumbe wao wa bunge la jimbo, kaanguka kwa kura tatu. Kila alipokuwa na kiti alizuia kibanda hiki kisibomolewe. Aliyeshinda keshasema anataka maegesho ya magari, hapa hapa. Miaka thelathini ya kahawa, jamani, iwe lami!

— Usilie, Mak, alisema Redio. Rosli hafi huyo. Kashinda mara nne, kaanguka mara tatu, kahama vyama vitano.

— Sita, alisema Mahesabu. Kimoja aliingia asubuhi, akatoka mchana baada ya kula.

— Mahakama inauliza, alisema Jaji: kwa nini kaanguka?

— Masharubu! Redio akadakia. Aliyanyoa. Watu wakadhani ni mdogo wake.

— Wacha wewe! alisema Mahesabu. Huu msimu wa durian, matunda yenyewe ya miiba. Watu wake wote wako bustanini wanalinda durian, wakiondoka nyani wanakula.

— Na nyani nani kawaleta? alisema Redio. Mpinzani! Kwa lori, Jumanne. Mmoja alivaa fulana ya chama.

— Ndiyo maana wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, alisema Jaji.

— Inahusu nini hapo? Mahesabu akauliza.

— Inahusu nyani.

Mak Senah alicheka bila kutaka, halafu hasira ikampanda.

— Kura tatu tu! Nilifunga kibanda siku nzima nikasimama foleni na magoti haya. Ningewajua wavivu watatu walioniua, wallahi, ningewamwagia birika hili.

— Mimi ningekushikia mfuniko, alisema Redio.

Pikipiki kuukuu ikasimama. Alikuwa Rosli mwenyewe, bila dereva, bila bendera, masharubu yameanza kuchipua. Alimshukuru Mak Senah, akawageukia watatu wale. Akatazama mikono yao ya kushoto iliyoshika vikombe, kisha kidole chake, cheusi tititi.

— Ndugu zangu, alisema kwa upole, mimi nimesugua kwa ndimu, nimesugua kwa majivu, wapi! Ninyi mmetumia sabuni gani?

Redio akazimika. Mikono ikateremka chini ya meza, mmoja baada ya mwingine.

Mak Senah aliivuta meza akavitazama vidole vyote vitatu, vyeupe, bila tone la wino. Akammiminia Rosli kikombe mpaka pomoni, birika bado linafuka moshi.

— Na sisi, Mak? Mahesabu aliuliza kwa sauti ndogo.

— Kahawa yenu ilifungwa jana saa kumi na mbili jioni, pamoja na masanduku ya kura.