Siku Mganga Mkuu Alipolazwa Kwenye Machela

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Ndugu Katibu, Sista Mkuu na wauguzi wote, mafundi wa karakana, madereva wenzangu, shemeji yetu mume wa mgeni wa leo, ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Nimepewa nafasi hii nimuage fundi mkuu wa karakana, ambaye sote tunamwita Mama Spana. Asubuhi ameniambia nisimsifu sana, halafu akanikumbusha nisisahau habari ya mlima. Sasa ndugu zangu, nifuate amri ipi?

Mlima wenyewe mmeupanda leo kuja hapa. Ulifika wakati gari letu likaukataa. Kwenye tambarare linakwenda vizuri, huwezi kulisema kwa lolote. Likianza kupanda na mgonjwa ndani, taa ya injini inawaka, gari linatetemeka, nguvu zinaisha. Siku moja tulikwama na bwana aliyevunjika mguu. Jamaa zake wakashuka kusukuma, naye akainua kichwa akaniuliza kwa upole, "Dereva, na mimi nishuke?"

Hapo tulicheka. Lakini baadaye tukakwama na mama mmoja aliyekuwa akihangaika kupumua, Sista kashika mtungi wa oksijeni, ananitazama. Tulimhamishia kwenye pikapu ya mpita njia. Alipona, namshukuru Mungu.

Mama Spana akachomeka ile mashine ya kusomea hitilafu, ikatoa kodi yake, yaani namba ya ugonjwa: silinda ya tatu haichomi mafuta. Akabadilisha plagi, akafuta kodi, tukarudi mlimani. Taa ikawaka. Akabadilisha koili, ile inayoipa plagi umeme. Taa ikawaka. Basi maneno yakaanza. Wako waliosema gari liuzwe, na wako waliosema gari halina kasoro, mwenye kasoro ni dereva, apelekwe akafungue geti. Ningemlaumu nani, wakati hata mimi nilishaanza kujishuku?

Kwenye kikao Mama Spana akasimama, na mnajua hana sauti ya chini.

"Aliyekosea mara mbili ni mimi, si dereva," akasema. "Mashine inaniambia silinda ipi inaumwa. Hainiambii kwa nini inaumwa mlimani tu, tena kukiwa na watu ndani. Mimi nalipima karakanani, sakafu sawa, gari tupu. Nipeni mgonjwa."

"Mgonjwa gani, Mama?" akauliza Mganga Mkuu.

"Yeyote mwenye uzito, Dokta. Hata wewe unafaa."

Mheshimiwa, uniwie radhi, lakini wageni hawa wana haki ya kujua kwamba ulikubali. Tulimlaza kwenye machela, tukamfunga mikanda. Ndugu Katibu akaketi pembeni kama jamaa wa mgonjwa, na uso aliouvaa siku ile ulifaa kabisa. Mama Spana akakaa mbele na mashine yake mapajani, nikaanza kupanda.

Katikati ya mlima, tetemeko. Taa ikawaka.

"Simama hapohapo, usizime," akaniambia. Akashuka, akafungua boneti. "Kanyaga mafuta kidogo, breki usiachie."

Nikakanyaga. Injini nzima ikainamia upande mmoja kama mtu anayejigeuza kitandani. Mpira unaoishikilia ulikuwa umekufa. Kila injini ilipojikaza kupanda, ililala ubavu na kuvuta waya unaokwenda kwenye ile koili ya silinda ya tatu. Kwa nje waya ulionekana mzima, kumbe ndani umekatika. Kwenye tambarare ncha zinagusana, mlimani zinaachana.

"Njoo uone, mwanangu," akaniita. "Umekuwa ukisingiziwa kwa ajili ya kipande cha mpira."

Nilijifanya naangalia tairi.

Mpira ukabadilishwa, waya ukaungwa na kuachiwa nafasi ya kucheza, kodi ikafutwa. Akamwita tena mgonjwa wake, maana alitaka uzito uleule. Tukapanda mpaka juu, injini inaimba, taa haikuwaka. Nikafungua mlango wa nyuma nimfungue Mganga Mkuu mikanda, akainua mkono.

"Niache kidogo," akasema. "Wagonjwa wote wa hospitali hii ninawajua wakishafika. Sikujua kwamba njia nzima wanatazama taa inayowapiga machoni na bati linalogonga juu ya uso."

Akabaki pale, amelala chali na tai yake. Aliposhuka, alimwambia Mama Spana jambo moja tu: "Na hilo bati, tafadhali." Bati lilikazwa, taa ikawekewa kifuniko. Gari halikuuzwa, nami geti nalipita tu, silifungui.

Mama Spana, umetufundisha kusema "nimekosea" kwa sauti kubwa, kisha kurudi kutafuta. Kwa niaba ya madereva, na ya wote waliofika juu wakiwa hai bila kukujua jina, tunakushukuru.

Ameomba leo arudishwe nyumbani kwa gari lile. Shemeji amekataa, anasema majirani watajaa mlangoni na pole zao. Tumeelewana hivi: Mama atakaa mbele, hatutapiga king'ora, na mlima huu, safari hii, atashuka nao akiwa ndiye anayeendesha. Funguo hizi hapa, Mama.

Asanteni nyote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu.